Lango la Chumvi Lilifunguliwa kwa Jina Lako

Nyumbani kwenu,
chumba cha mbele, kando ya kitanda cha Kaka Mkubwa,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za dada yako, nyingi na za moto. Hujambo? Kazi haijambo? Na ule mgongo unaokuuma kila tukikuomba uje nyumbani, umepata nafuu? Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Wifi yangu, mke wa Kaka, mzima, ila masikio yake yamestaafu kabla yake, ukimwambia lete maji anakuletea mafagio. Kaka Mkubwa yupo. Nitakueleza yupoje.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Nimefanya kusudi. Kwenye simu ukichoka kusikiliza unasema mtandao unasumbua, halafu kimya mpaka mwezi mwingine. Barua haina mtandao, mdogo wangu. Kaa chini, uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka alipoanguka. Upande wa kulia ulilala wote, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka moja moja kama maji ya bomba lililokatwa. Akageukia ukuta. Chakula hataki, mazoezi hataki, ukimgeuza analala hivyo hivyo ulivyomwacha. Yule mama wa mazoezi ya viungo aliniita kando akaniambia wazi kwamba mtu wa namna hii akikosa jambo la kuamkia, haamki.

Ndipo ukapiga simu na ile sauti yako ya watu waliosoma. Ukasema nimtafutie magemu ya kompyuta, tena siyo ya watoto, yale mazito ya mikakati, yanayomfanya mtu akune kichwa siku nzima, ili akili yake isilale. Ukasema na wewe utaingia, mtacheza pamoja kwa mtandao, yeye huku wewe huko. Simu ilikuwa kwenye spika. Kaka akageuka kutoka ukutani. Nilimwona kwa macho yangu. Siku zote nilikuwa nimembembeleza kwa supu, kwa maombi na kwa matusi, hakugeuka. Wewe umesema sentensi moja, amegeuka.

Haya, nikaanza kutafuta. Hapo karibu na kazini kwangu kuna fundi wa kompyuta, tunamwita Vumbi, na ukiingia dukani kwake huulizi kwa nini. Vumbi akanifungia kompyuta kuukuu na gemu la kupanga matunda ya rangi moja. Kaka alilitazama, halafu akanitazama mimi, na nikaona kama angekuwa na mkono ningekula kofi. Nikarudi, nikapewa gemu la kupiga bunduki. Kizunguzungu kikampata, akatapika kwenye shuka niliyotoka kuibadilisha. Nikaleta drafti. Kompyuta ikamfunga, akaitukania mama yake kwa ule mdomo uliopinda, na wifi akapiga makofi, maana ndiyo ilikuwa sentensi yake kamili ya kwanza tangu aanguke.

Siku moja nalalamika kwa Vumbi, akanisikia mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, mwembamba, miwani imefungwa na uzi. Akaniuliza mgonjwa wangu alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuumwa. Nikamwambia alikuwa msimamizi wa ghala maisha yake yote, na nyumbani tulimwita Kufuli. Akafurahi. Akasema basi analo gemu la ugonjwa huo. Lina ramani, lina falme, lina ukame, barabara, kodi, ndoa za wafalme, na ukisahau chumvi watu wako wanaozewa na nyama na kukuasi. Maelezo yake peke yake ni kitabu cha kuegemezea mlango. Nikamuuliza mtu anajifunza kulicheza kwa muda gani.

"Hili halichezwi, mama," akasema. "Unalihamia."

Kaka akalihamia. Mwalimu alikuja kumwelekeza kwa wiki nzima, na Kaka akawa anasukuma kile kipanya kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Wenzake humo ndani wanavamia, yeye anajenga maghala. Mji wake wa kijani una kuta mbili, milango ya chuma, nafaka ya kulisha miaka. Mwalimu akasema hajawahi kuona mtu anacheza vita kwa kujifungia. Mimi nimeona. Mimi nimekulia ndani ya huo mji.

Au umesahau? Wewe ulikuwa mdogo, na kufuli zilikuwa zinakulinda wewe. Simu ya nyumbani iliwekwa ndani ya sanduku, sanduku likafungwa. Jokofu lilikuwa na mnyororo kama mbwa. Yule kijana wa benki alipokuja kuniulizia, Kaka alimsimamisha nje ya geti akamwambia nyumba hii haina binti. Mimi nimesimama dirishani nasikia kwamba sipo. Baba alipofariki Kaka akaamua kwamba atakayesoma ni mmoja, na huyo mmoja ni wewe. Sikatai, ulikuwa na akili. Nami nilikuwa nazo. Wewe ukaenda kusoma, mimi nikabaki kumgeuza Mama kitandani, na sasa namgeuza yeye. Mpaka leo ananiita "we mtoto", na mvi zangu anaziona.

Sasa turudi kwako. Kila asubuhi Kaka akiamka, kabla ya salamu, swali ni moja: "Ameingia?" Mara ya kwanza ulisema kazi zimekubana. Halafu ukasema kompyuta yako imekufa. Halafu ukasema utaingia wikiendi, na hukutaja wikiendi ya mwaka gani. Nikaona anaanza kutazama ukuta tena. Basi mimi nikaingia. Nikamwomba Vumbi anifungie gemu lile kwenye kompyuta ya kazini, nikajiandikisha kwa jina lako, nikachagua rangi ya bluu kwa sababu ndiyo rangi uliyokuwa ukinyang'anya watu utotoni. Nikakutumia ujumbe kwamba Kaka anaamini unacheza naye, akikuuliza ukubali tu. Ukanijibu kwa kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Unaijua kazi yangu. Nachapa barua za watu, nadurufu vyeti, naweka vitambulisho plastiki. Sasa katikati ya hayo nikawa na ufalme. Mteja anasubiri kopi, mimi nacheza zamu yako, napanga kodi ya watu wako na kuozesha binti zako. Na nikuambie ukweli, nililipenda. Sijawahi kupenda kitu namna ile. Kichwa changu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza kitu kilikuwa kinachemka mchana kutwa, na narudi nyumbani nimechoka uchovu mtamu.

Ukaja ukame wa kwanza. Kaka alikuwa amejenga kuta nyingi akasahau visima, na mimi kwenye ramani nikaona maghala yake yanapungua. Nikamtumia nafaka. Hakuomba, nilituma tu, na jioni narudi nyumbani nikamkuta amekaa kitako bila kushikiliwa. Akaniambia, neno moja moja, kwamba mshirika wake amemtumia nafaka. Nikasema ehe, mdogo wetu ana moyo. Akanitazama sana. Akaomba chakula. Tangu siku ile alikula, akakubali mazoezi, akaanza kuamrisha majeshi yake kwa sauti, na yule mama wa viungo akasema hakuna mgonjwa wake anayetamka vizuri kama huyu.

Halafu akafanya jambo lililomshangaza hata mwalimu. Katika gemu lile unaweza kumkabidhi mshirika lango moja la mji wako. Biashara inaongezeka, misafara inapita bila kodi, lakini mwenye lango anaweza kulifungua wakati wowote, kwa yeyote. Mwalimu alisema yeye amecheza miaka na hajawahi kumpa mtu lango. Kaka alikupa Lango la Chumvi, lango kubwa, la karibu kabisa na ikulu yake. Kufuli! Mtu ambaye mimi sijawahi kushika ufunguo wa jokofu lake!

Nikavumilia. Mbwa mzee hafundishwi, nikasema, acha apende anayempenda. Lakini Jumamosi moja nilikuwa nimekaa miguuni pake namkata kucha, maana kucha za wagonjwa ni kazi ya dada, hazitumwi kwa mtandao. Akaanza kusema. Ilimchukua muda mrefu, nami nikasubiri na mkasi mkononi. Akasema, "Huyu mshirika wangu ana akili kuliko wote waliozaliwa nyumba hii. Nilichelewa kuona."

Mdogo wangu, nilijionea wivu mwenyewe. Kila hatua iliyosifiwa ilikuwa yangu, na sifa zinapanda ndege zinakuja kwako. Nafaka yangu, chumvi yangu, akili yangu, jina lako. Nilimkata ukucha mpaka nyama. Akaguna, nikamwambia pole, wala sikuwa na pole.

Jumatatu nikiwa kazini alikuja mzee mmoja kudurufu hati za shamba. Mashine inazunguka, mimi nikafungua ramani. Jeshi la kijivu, lile linaloendeshwa na kompyuta yenyewe, lilikuwa limepiga kambi nje ya mji wake msimu mzima likishindwa kuta. Nikafungua Lango la Chumvi. Gemu likaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza kwamba nina hakika, nikampa mzee hati zake, nikamtakia siku njema.

Sasa sikiliza nilivyokuwa. Jioni ile nilirudi mapema. Nikapika chai, nikavuta kiti karibu na kitanda kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Nilitaka kumwona. Kaka akafungua mji wake, akakuta moshi. Maghala yote yanaungua, watu wanakimbia, malkia amebebwa. Akawa anabonyeza huku na huku kwa ule mkono mmoja, anatafuta askari ambao hawapo. Gemu lile huandika kila tukio pembeni, nami nikajitolea kumsomea, kwa sauti ya mtangazaji, taratibu, asikose neno. Lango la Chumvi limefunguliwa na mshirika wako. Nikamsomea na jina. Jina lako, mpendwa wangu, nikalitamka vizuri kabisa.

Akalia. Jicho moja tu ndilo linalolia sawasawa siku hizi. Wifi akauliza nani kafa, nikampigia kelele sikioni kwamba ni mchezo tu. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa tamu. Siwezi kukudanganya kwamba haikuwa tamu. Kitu kimoja tu kilinisumbua: alipokuwa analia hakuwa anatazama kompyuta, alikuwa ananitazama mimi. Nikadhani ananiomba nimfute.

Tangu hapo akarudi ukutani. Chakula akakifunga, mazoezi akayafunga, maneno akayafunga. Yule mama wa viungo aligomba, akasema tumemfanya nini, mtu alikuwa anapona. Na mimi sikukupigia kukuambia. Hapo nilikuwa na mpango wangu mwingine. Nilijua ipo siku utapiga.

Na ukapiga. Nikaweka spika, nikakaa. Wewe ndiye uliyesema, mimi nanukuu tu: "Kaka yangu! Vita vinaendaje? Tunawapiga, siyo? Nimekutumia nafaka nyingine juzi. Na lile lango usiwe na wasiwasi, nalilinda mwenyewe." Ulikuwa umebakiza hayo niliyokusimulia zamani, ukayapasha moto. Mji umeshakuwa majivu, bwana mlinzi wa lango. Kaka akacheka. Ule mdomo ukicheka unatisha. Ukamsikia anacheka ukafurahi, ukasema umemkumbuka sana, halafu mtandao ukasumbua.

Nilikuwa nakaribia kucheka na mimi. Nikajua sasa atakutukana, atakulaani, atasema tulikosea kukusomesha. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo maisha yangu yote.

Akasema, "Hata hajui mji umeungua."

Nikaweka simu mezani.

"Najua ni wewe. Tangu nafaka ya kwanza."

Nikamuuliza alijuaje. Akavuta pumzi, akapumzika, akasema, "Ilikuja bila kuombwa. Yule hajawahi kutuma kitu bila kuombwa."

Mdogo wangu, rudia kuisoma hiyo. Mtu aliyekufungulia kila mlango, aliyekubeba mgongoni, aliyekuchagua wewe akaniacha mimi, hakudanganyika hata siku moja kwamba ni wewe. Ulipokuwa unamwambia kwenye simu kwamba umetuma nafaka, alikuwa anakusikiliza ukidanganya, na anakuitikia kwa upole, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayesema ameona simba chooni. Mimi na wewe tulidhani tunamchezea mgonjwa. Mgonjwa alikuwa anatutazama sote.

Halafu akili yangu ikafika pale ambapo nilikuwa sitaki ifike. Sifa zile za siku ya kucha. Lile lango. Nikamwambia kwa hasira, na sauti ilikuwa inanitoka vibaya, kwamba angesema. Miaka yote hii ana mdomo mzima hakusema, na huu uliopinda nao asingeweza kusema neno moja?

"We mtoto," akasema. "Nilisema. Nilikupa lango."

Nilitoka nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Hayo ndiyo niliyotaka ujue. Usinipigie kunilaumu, maana ukinilaumu nitakuuliza ulikuwa wapi, na mtandao utasumbua. Nimefanya ubaya, nimeufanya kwa mkono wangu, na nimeufanya kwa mtu ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameniona. Inaniuma. Nakuandikia ili nawe ikuume, kwa sababu sioni kwa nini niumie peke yangu kwa jina lako.

Habari ya sasa ni kwamba anakula. Ameanza mji mpya, mwalimu amemsaidia. Safari hii umezungukwa na kuta pande zote na lango ni moja, analo mwenyewe. Mimi nimerudi na bluu, ila nimefuta jina lako nikaandika langu. Kila siku kazini kukitulia namtumia nafaka, na kila asubuhi anairudisha. Gemu linaniandikia kwamba zawadi yako imekataliwa. Nikirudi nyumbani namwosha, namgeuza, namlisha kijiko kwa kijiko, na hatuzungumzii jambo hilo. Kijiko anakipokea. Nafaka haipokei. Nitaendelea kutuma. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami simjui mtu mwingine wa kucheza naye.

Wifi anakusalimu sana, anauliza kama umeshaoa, nimemwambia ndiyo, amesikia hapana, anakuombea. Shangazi Mdomo anakusalimu, anasema asiyekuja msibani hata harusini hatumtaki, lakini ni Shangazi, unamjua. Vumbi na mwalimu wa hesabu wanakusalimu pia, wanakusikia tu kama watu wanavyosikia habari za mfalme wa mbali. Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali na usingizi mzuri, na akukutanishe na watu watakaokutumia kitu kabla hujaomba.

Nilikuwa nimesahau. Ulisema kwenye simu kwamba utamtumia Kaka viatu laini vya wagonjwa, vile vya kubana kwa kitambaa. Usijisumbue, mpenzi. Siyo kwamba havihitaji, anavihitaji mno, miguu yake imevimba. Ila vikifika hapa kweli, na jina lako juu ya kifurushi, atajua moja kwa moja kwamba nimevinunua mimi, na atavirudisha.

Ni mimi, nikupendaye bado, kwa shida,
Dada yako.